Baiskeli imetoka Ujerumani nzima, imekuja kuvunjiwa Dar–Kigoma, halafu naambiwa "kaka ulisaini"

Wakuu salaam. Naandika nikiwa na hasira kwa hiyo mtanivumilia uzi ukiwa mrefu. Nipo Kigoma, na baiskeli niliyoitoa Frankfurt mpaka Dar bila hata mkwaruzo imekuja kuharibiwa kwenye kipande cha mwisho cha ndani ya nchi. Jina la shirika silitaji, barua yao wameshaipata, ila jambo lenyewe lazima lisemwe maana wengi mnaoleta baiskeli za gia huku Kigoma na Tabora kwa ndege mtakutana nalo.

Kwanza ile hoja ya "hukuifunga vizuri" tuimalize. Boksi ni yale yale ambayo baiskeli mpya zinatoka nayo kiwandani, maduka mengi ya kule wanayatupa, ukiomba unapewa bure. Pedeli nimetoa (ya kushoto inafunguliwa kinyume, watu wanahangaika nayo mpaka wanaua meno), siti nimechomoa, usukani nimelaza sambamba na fremu, tairi la mbele nimetoa na kwenye foku (ule uma unaoshika tairi la mbele) nikapachika kile kiplastiki cha kuzuia miguu isibanane, foku yangu ina nafasi ya milimita 100, na bila hicho kitu mzigo mzito ukilalia boksi miguu ya foku inaingia ndani. Breki ni diski za mafuta, kwa hiyo diski nimezifungua na katikati ya pedi nikaweka kadibodi maana mtu akibonyeza breki wakati tairi halipo pistoni zinatoka na pedi zinabanana. Halafu kile kidude cha nyuma cha kuhamisha gia, hapo ndipo baiskeli nyingi zinapofia, kinaning'inia kwenye kibati kidogo cha aluminiamu kilichotengenezwa laini makusudi ili kikigongwa kipinde chenyewe fremu ipone. Kidude nimekifungua nikakiviringisha kwenye sponji nikakifunga ndani ya fremu, na kile kibati kilichobaki nikakizungushia sponji nene. Kilo hazikufika 23. Sasa mniambie nimesahau nini hapo.

Dar unachukua mzigo, unapita forodha, unaenda kaunta ya ndege za ndani. Hapo ndipo kuna kijana akaniambia eti tairi lazima zitolewe upepo wote la sivyo zitapasuka angani. Nikamwambia kaka, nimeshapunguza upepo nusu, na huko kwenye mizigo kuna presha kama kule walikokaa abiria, na hata kusingekuwa na presha kabisa tofauti haizidi psi 15 hivi, tairi la baiskeli linalobeba psi 50 halitishiki na hiyo. Ukitoa upepo wote ndio unaiua rimu, maana boksi likidondoshwa hakuna kitu cha kupokea kishindo. Hakutaka kusikia. Likachanwa kwa kisu, boksi ambalo nililifunga kwa utaratibu likachanwa mbele yangu, upepo ukatolewa mpaka tairi zikalala kama kitambaa, sponji zikawekwa pembeni, na kurudisha vitu kukawa ni kusukumizia tu, juu yake selotepu nyembamba ile ya kufungia zawadi. Nikasema nipeni nafasi nifunge mwenyewe, nikaambiwa kaunta inafungwa.

Afu ikaletwa fomu. Saini hapa kwamba mzigo ni wa kuvunjika na ukiharibika ni juu yako, usiposaini haupandi. Abiria wa Kigoma wanaitwa getini, ndege nyingine hakuna mpaka siku nyingine, utafanyaje? Hiyo mnaiita hiari?

Kufika hapa nikalikuta boksi limelazwa chini kabisa ya mabegi, ubavu wa upande wa gia ndio uko chini, na pembeni kuna tundu mkono wangu unaingia mpaka kwenye kiwiko. Kile kiplastiki cha foku hakipo, kimetokea humo. Miguu ya foku imebanana, tairi haliingii. Rimu ya nyuma imepinda, ukiizungusha inayumba. Na kile kibati kimekunjika kuelekea ndani, sponji yake sijui ilibaki Dar au iko wapi. Nikaomba fomu ya kuripoti uharibifu palepale kabla sijatoka uwanjani (nanyi msitoke bila hiyo karatasi, na mpige picha boksi likiwa bado limefungwa), dada wa pale kwa upole kabisa akaniambia, "Lakini kaka si ulisaini?"

Sasa sikilizeni. Tiketi yangu ni moja, Frankfurt mpaka Kigoma, kwa hiyo hiyo ni safari ya kimataifa mpaka mwisho wa reli huku, na inaongozwa na Mkataba wa Montreal wa 1999 ambao Tanzania imo. Kifungu cha 17 kinasema mzigo uliokabidhiwa ukiharibika mikononi mwao wanawajibika. Kifungu cha 26 kinasema sharti lolote la kumwondolea msafirishaji dhima hiyo ni batili. Batili! Kwa hiyo fomu yao wanayotutisha nayo kaunta ina uzito gani? Kifungu cha 31 kinakupa siku 7 toka umepokea mzigo ulalamike kwa maandishi, zikipita hizo umekwisha, na nina uhakika wengi wanapotea hapo kwa sababu wanaambiwa "tutakupigia" wanakaa kusubiri simu. Barua yangu ilienda kwa baruapepe na nakala ikapigwa muhuri wa kupokelewa.

Naelewa hizi ndege ndogo za pangaboi zinazokuja Kigoma na Tabora sehemu ya mizigo ni finyu, sikatai. Basi waandike! Vipimo vya boksi, kilo, bei, na unachotakiwa kufungua, viwe kwenye tovuti mtu asome kabla hajatoka nyumbani. Sio kila kaunta na sheria yake na kila zamu na bei yake, leo unalipia kwa kilo, kesho unaambiwa kifaa cha michezo, keshokutwa hazipandi kabisa. Na mkilifungua boksi la mtu, mlifunge kama mlivyolikuta au mumuache mwenyewe alifunge. Ni kitu kigumu hicho?

Fundi wa Mwanga ameangalia, rimu anasema ataivutavuta kwa spoku itakaa, foku ana wasiwasi nayo. Kibati anaweza kukinyoosha ila aluminiamu ukiikunja huku na huku inakatika, na mimi siwezi kushuka mlima wa barabara ya Kasulu na kitu cha hivyo, kikikatika kidude cha gia kinaingia kwenye spoku. Mwenye kujua duka Tabora, Mwanza au Dar lenye vibati hivyo aseme hapa, picha naweka kwenye komenti ya kwanza maana kila fremu ina chake. Na wewe uliyewahi kulipwa na shirika kwa baiskeli iliyoharibika, njoo useme uliandika nini na ilichukua muda gani.