Mjadala: Mwenye leseni ya bastola Arusha au Moshi abebe risasi ngapi za akiba?

Mleta mada

Ndugu wachangiaji, naomba tulijadili kwa utulivu swali ambalo wamiliki wengi wa bastola katika mikoa yetu ya Arusha na Kilimanjaro hulijibu kwa mazoea tu. Mtu mwenye leseni halali, anayetoka nyumbani asubuhi na bastola kiunoni kwa ajili ya kujihami, abebe risasi ngapi za akiba mbali na zile zilizomo ndani ya silaha yenyewe? Wapo wasiobeba hata moja, na wapo wanaotembea na magazini mbili (visanduku vya risasi vinavyochomekwa kwenye mpini wa bastola) kwenye mkanda na boksi zima la risasi 50 ndani ya droo ya gari. Msimamo wangu nauweka wazi mapema ili anayetaka kuupinga apate pa kuushika: magazini moja ya akiba inatosha, na sababu ya kuibeba ni kwamba ile ya kwanza inaweza kuharibika. Anayebeba zaidi ya hapo katika miji yetu anawaongezea hatari watu wasiohusika bila kujiongezea usalama wowote wa maana.

Bastola za siku hizi hubeba risasi nyingi kuliko wengi wanavyodhani. Glock 17 huingia risasi 17, Glock 19 huingia 15, na hata Glock 26, ambayo ni fupi na hufichika kirahisi, huingia 10. Kwa hiyo upungufu wa risasi si tatizo la kwanza la mwenye silaha ya aina hii. Tatizo la kwanza ni magazini yenyewe, ambayo ni kisanduku chembamba chenye springi. Midomo yake ya juu ikipinda kidogo kwa kuangukia sakafu, risasi haipandi sawasawa. Vumbi likijaa ndani, springi husukuma kwa taabu. Risasi mbili zikigombania kuingia kwenye chemba, yaani tundu la nyuma ya mtutu ambamo risasi hukaa tayari kufyatuliwa, kwa wakati mmoja, mara nyingi njia ya kuzikwamua ni kuing'oa magazini nzima. Kipo pia kitufe cha kuiachia, ambacho kikibanwa na mkanda wa kiti cha gari kinaweza kuidondosha magazini bila mwenyewe kujua. Katika hali hizo zote, mtu aliyeamini kuwa ana risasi 15 anajikuta na ile moja iliyomo kwenye chemba, au hana kabisa. Hapo ndipo magazini ya pili inapostahili uzito wake kiunoni.

Wanaotetea akiba kubwa hutoa mifano ya Marekani, nayo ni ya kweli. Tarehe 11 Aprili 1986, mjini Miami, maofisa wanane wa FBI, shirika la upelelezi la Marekani, walipambana na majambazi wawili. Maofisa wawili waliuawa na watano wakajeruhiwa, na mmoja wa majeruhi alishindwa kupakia upya rivolva yake (bastola yenye silinda inayozunguka badala ya magazini) kwa sababu mkono wake ulikuwa umepigwa risasi. Mwaka 2008 askari mmoja wa Skokie, katika jimbo la Illinois, alifyatua risasi 33 dhidi ya mtu mmoja, zikampata 17, na mtu yule akaendelea kupigana. Tangu siku ile askari huyo akawa anaingia kazini na risasi 145 mwilini. Simlaumu hata kidogo. Lakini kazi yake inamtaka amfuate mhalifu hadi amkamate, ilhali raia anayejihami anachotafuta ni nafasi ya kuondoka akiwa hai, na nafasi hiyo ikipatikana baada ya risasi mbili, ya tatu haina kazi.

Kuna takwimu moja inayotumiwa sana katika mabishano haya. Tathmini ya taasisi ya utafiti ya RAND ya Marekani ya mwaka 2008 kuhusu polisi wa New York ilionyesha kwamba, kati ya mwaka 1998 na 2006, askari waliokuwa wakirushiana risasi na wahalifu walipata shabaha kwa wastani wa asilimia 18 tu ya risasi walizofyatua, na pale ambapo mhalifu hakurudisha risasi wastani ulipanda hadi asilimia 30. Wengi wakiisoma husema: basi tubebe nyingi. Mimi naiona kwa jicho la mwuza nyanya wa Soko la Kilombero, Arusha. Askari waliofunzwa na wanaofanya mazoezi wamekosa shabaha mara nne kati ya tano; risasi hizo zilizokosa zingetua wapi saa kumi na moja jioni, sokoni pamefurika? Risasi ya milimita 9 hupenya bati na mbao bila shida, na isipozuiwa huweza kwenda zaidi ya kilomita moja. Nyumba za Unga Limited na Sombetini kule Arusha, na Pasua kule Moshi, zimebanana ukuta kwa ukuta. Kila risasi ya ziada unayoibeba ni risasi ambayo, kwa takwimu hiyo hiyo unayoitegemea, ina uwezekano mkubwa wa kumkosa jambazi na kuendelea na safari yake.

Mchangiaji wa kwanza, mfanyabiashara wa madini, Arusha

Kaka, nimekusoma kwa makini na nakuheshimu, lakini umeandika kama mtu ambaye hofu yake kubwa ni sokoni. Sisi tunaosafiri kati ya Mirerani, kwenye migodi ya tanzanite, na Arusha hofu yetu iko barabarani, mahali ambapo hakuna mwuza nyanya wala nyumba ya jirani. Tarehe 7 Agosti 2013 mfanyabiashara mwenzetu maarufu wa tanzanite, Erasto Msuya, aliuawa kwa risasi mchana kweupe wilayani Hai, na mwaka 2018 Mahakama Kuu mjini Moshi iliwahukumu watu watano adhabu ya kifo kwa mauaji hayo. Ona idadi yao, kaka. Jambazi wa mkoba ni mmoja, lakini jambazi wa mawe ya thamani huja na wenzake na mpango mkononi.

Ukikabiliwa na watu wanne, magazini ya risasi 15 ni chini ya risasi nne kwa kila mmoja, na wewe mwenyewe umetuambia kwamba hata askari hukosa nne kati ya tano. Fanya hesabu hiyo uone unabaki na nini. Mimi nabeba magazini mbili za akiba na sioni aibu kulisema hilo. Namba 112 naijua na nimeihifadhi, lakini gari la polisi nalo lina umbali wa kulifikia eneo la tukio, na umbali huo sharti niuvuke nikiwa hai.

Mchangiaji wa pili, mstaafu wa Jeshi la Polisi, Moshi

Vijana wangu, nawasoma mkibishana juu ya idadi, nami nataka niwapeleke mbele kidogo, siku ya pili baada ya tukio, kwa sababu huko ndiko nilikofanya kazi.

Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inahusu silaha na risasi kwa pamoja. Kwa hiyo kabla hujauliza unahitaji ngapi, soma masharti ya leseni yako, kisha hakikisha kwamba kila risasi uliyonayo unaweza kueleza ilikotoka na iliko. Hilo boksi la droo ya gari ndilo lililokuwa likiniudhi kuliko yote nilipokuwa kazini. Gari linavunjwa kioo Stendi Kuu, boksi linakwenda, na mwenyewe anakuja kituoni kutoa taarifa ya simu na miwani, risasi anazikumbuka baada ya kuulizwa. Risasi hizo haziozi. Zitaingia katika silaha ya mtu ambaye hana leseni, na huenda zikarudi kumtafuta mwenyewe.

Kuhusu kujihami, Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16 ya Sheria zetu, inatoa haki hiyo waziwazi katika kifungu cha 18 na vifungu vinavyofuata. Unaweza kujitetea, kumtetea mwenzako na kutetea mali. Lakini kifungu cha 18B kinataka nguvu unayotumia iwe ya kiasi kinachohitajika, na aliyezidisha nguvu akasababisha kifo anakuwa na hatia ya kuua bila kukusudia. Mpelelezi hatakuuliza ulikuwa na risasi ngapi kiunoni kama leseni yako iko sawa. Atahesabu maganda yaliyodondoka chini, atapima yalikodondokea, atasoma ripoti ya daktari kuona jeraha limeingilia mbele au mgongoni, na atawauliza mashahidi kama kulikuwa na kimya kati ya mlio mmoja na mwingine. Sasa fikirieni maana ya kubadilisha magazini katika hali hiyo. Mtu ameishiwa, amechomoa, amechomeka nyingine, amevuta, ameendelea kufyatua. Muda huo wote mshambuliaji alikuwa anafanya nini? Kama alikuwa anasonga mbele na panga, jibu lipo. Kama alikuwa ameshageuka na kukimbilia pikipiki, tishio lilikuwa limekwisha na haki ya kumpiga ilikwisha nalo, hata kama hasira yako ilikuwa bado haijaisha.

Kwa hiyo mimi namzidi mleta mada kwa ukali. Katika miaka yangu ya kazi sikupata kumwona raia aliyeokolewa na magazini ya pili. Niliowaona wameokoka walikuwa wameona mapema, wakafunga mlango, wakapiga kelele, au wakatoa walichoombwa. Asiyefika uwanja wa kulenga shabaha mara kwa mara, na asiyeweza kubadilisha magazini gizani bila kuitazama, asijidanganye kwamba akiba itamsaidia. Bora aiache nyumbani ndani ya sefu, na fedha za kuinunua azitumie kwa mazoezi.

Mchangiaji wa tatu, mama mwenye duka la jumla, Mbuyuni, Moshi

Wanangu, mmezungumza habari za magazini tu. Mimi nina rivolva niliyoshauriwa kuinunua kwa kuwa haina mambo mengi, nayo huingia risasi tano. Nafunga duka jioni na mauzo ya siku nikielekea Rau. Je, hoja zenu zinanihusu, au tano zinanitosha? Nauliza pia kwa kuwa nina wajukuu nyumbani, na sipendi kuwa na vitu viwili vya kuficha badala ya kimoja.

Mleta mada

Nawashukuru nyote, na nitajibu kwa jinsi kila hoja ilivyonigusa.

Kaka wa madini, hesabu yako ya watu wanne ni sahihi kama hesabu, lakini imesahau muda. Kundi lililojipanga halikupi dakika za kumaliza magazini tatu. Linakuchagulia mahali, linakuja na silaha kubwa kuliko yako, na mambo huamuliwa katika sekunde za mwanzo, wakati bado unatumia risasi za magazini ya kwanza, kama umewahi hata kuichomoa bastola kutoka kwenye ala yake. Mauaji uliyoyataja yalituumiza sote katika ukanda huu. Kwangu yanafundisha kwamba mtego uliopangwa unavunjwa kabla ya safari: mzigo usafiri kwa siku na saa zisizojulikana, watu wanaofahamu ratiba wawe wachache, gari la pili liwe nyuma yako, na asiwepo anayekuita mahali pa faragha kwa simu ukaenda peke yako. Ukishayafanya hayo yote, na leseni yako ikakuruhusu, sitakusumbua kwa magazini ya tatu unapokuwa barabarani. Nitakusumbua ukiingia nayo mgahawani mjini jioni hiyo hiyo, kwa sababu pale nyuma ya jambazi wako ameketi mtoto wa mtu.

Mzee wangu mstaafu, maelezo yako kuhusu kimya kati ya milio yameninyoosha, na naona ni sababu nzito kuliko nilizozitoa mimi. Hata hivyo sikubaliani nawe kwamba akiba iachwe nyumbani. Anayeweza kukwamua bastola iliyogoma anahitaji kitu cha kuchomeka baada ya kuitoa magazini mbovu, la sivyo amebaki na chuma mkononi mbele ya mtu mwenye panga. Nakubali kwamba asiyefanya mazoezi hataweza. Ila mtu huyo, kwa maoni yangu, hastahili kuwa na bastola kiunoni hata yenye magazini moja, na ningependa tuliseme hilo kwa sauti kubwa kuliko tunavyosema sasa, kwa sababu tunawaona harusini na kwenye baa, na tunanyamaza kwa kuwaonea haya.

Mama yangu wa Mbuyuni, swali lako ni zuri kwa sababu hoja yangu kuu haikuhusu. Rivolva haina magazini ya kuharibika. Ikigoma risasi moja, unavuta tena kifyatuo na silinda inakuletea nyingine. Kinachobaki ni uchache wa risasi tano, na kuipakia upya ni kazi ya polepole inayohitaji vidole vilivyotulia, jambo ambalo ofisa yule wa Miami hakuwa nalo. Kwa safari fupi ya dukani hadi Rau, mimi ningekuambia tano zinatosha na usibebe za ziada, kwa kuwa nafasi ya kuzipakia mbele ya vibaka waliokukaribia ni ndogo mno. Lililo kubwa kwako ni mauzo. Yakiwa kwenye simu au benki kabla hujafunga duka, anayekuvizia njiani hana cha kusubiri. Na kwa ajili ya wajukuu, risasi zilizobaki zisikae chumbani mwako wala kwenye mkoba. Zifungiwe kwenye sefu ile ile ya rivolva, ufunguo uwe nao wewe peke yako, na uwe na desturi ya kuzihesabu kila unapoifungua.