Land Rover 109 ya mezani: seti ya plastiki, gari la chuma lililokamilika, au kuunda kwa makopo?

Mnewala

Habari za jioni wakuu. Nipo Mtwara mjini, upande wa Shangani. Likizo imeanza na nataka niitumie kwa jambo nililolitamani muda mrefu: kuwa na mfano mdogo wa Land Rover 109 mezani kwangu, ile ya chasisi ndefu, kama zile zilizokuwa zikipanda Newala zimesheheni magunia ya korosho na abiria juu yake.

Naona njia tatu. Ya kwanza ni seti ya plastiki ya kuunganisha, skeli ya 1/24, yaani dogo mara 24 kuliko gari la kweli. Kampuni ya Revell walishatoa seti ya 109 ya Series III, yaani toleo la tatu. Ya pili ni kununua la chuma lililokamilika, 1/43 au 1/18, kisha nilibadilishe rangi. Ya tatu ni kuunda mwenyewe kwa makopo na waya. Bei naiangalia, lakini kubwa zaidi nataka ile itakayonipa raha ya kukaa nayo jioni nikitoka kuswali. Wenye uzoefu naombeni mawazo.

Dada_Mikindani

Karibu sana kaka. Mimi ni wa seti za plastiki na sijutii hata kidogo. Ukifungua boksi unakuta kila kitu kimepangwa: injini, gia boksi, springi, siti, usukani. Unajifunza gari kuanzia chini kwenda juu. Ukimaliza unajua ekseli ya nyuma inakaaje hata kama hujawahi kulala chini ya gari maishani mwako.

Jambo moja la kuzingatia ni gundi. Gundi halisi ya plastiki haigandishi tu, inayeyusha kidogo nyuso mbili na kuzifanya kitu kimoja. Unashikanisha vipande kwanza, halafu unagusa mshono kwa ncha ya brashi, gundi inajipenyeza yenyewe. Supaglu ina kazi zake ila usiipeleke karibu na vioo: mvuke wake unaacha utando mweupe kwenye plastiki angavu na hautoki kwa kufuta. Vioo bandika kwa gundi nyeupe ya mafundi seremala, ikikauka haionekani.

Vipande usivinyofoe kwa mkono kutoka kwenye matawi yake, yaani ile fremu ya plastiki vinamokuja vimeshikana. Kikata kucha kinatosha kuanzia, ukimaliza unapitisha msasa laini wenye maji.

MzeeWaTupa

Mwanangu Mnewala, kwa gari ulilolichagua, jibu ni makopo. Ningekuwa nakushauri kuhusu Peugeot 403 ningesema mengine, maana ile ina mabega ya mviringo. Land Rover ilizinduliwa Amsterdam mwaka 1948, wakati Uingereza chuma kilikuwa cha mgao baada ya vita. Wakaivika bodi ya alumini, na vipande vyake wakavifanya bapa, mikunjo michache iliyonyooka, ili visihitaji mashine kubwa za kukandamiza. Kwa hiyo wewe unayekunja alumini kwa rula na ukingo wa meza unafuata njia ileile ya kiwandani.

Chukua skeli ya 1/10. Hesabu yake haina shida: kila sentimita ya gari la kweli inakuwa milimita moja kwako. Kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma ni inchi 109, yaani sentimita 277. Kwako ni milimita 277. Urefu wote wa gari ni kama sentimita 444, upana 169. Utapata gari la sentimita 44, linajaza meza. Kwenye 1/24 lingekuwa sentimita 18 na nusu tu.

Kopo la soda la alumini likate juu na chini kwa mkasi, lipasue, kisha livute huku na huku kwenye ukingo wa meza mpaka lilale. Kwaruza kwa msasa pande zote mbili, maana ndani lina utando na nje lina chapa. Bila hivyo rangi na gundi havishiki. Sasa hapa ndipo utamu ulipo. Laza kipande juu ya soli ya kandambili, chukua peni iliyoisha wino, piga mstari kwa rula upande wa ndani. Geuza: umepata mbavu ya mlango imeinuka nje, safi kabisa. Ribiti unazitoa hivyohivyo kwa msumari uliosagwa ncha, unadonoa moja moja kwa nafasi sawa. Zikikaa sawa kwenye mstari, mtu hawezi kuondoa macho hapo. Kwa kuwa alumini ya kopo ni nyembamba mno, ndani uitie mgongo wa kadibodi ngumu.

Masasi Kwetu

Wazee mnaisahau ya pili haraka mno. Mimi nina watoto wadogo na kazi ya zamu, sina meza ya kuacha vipande usiku kucha. Nanunua gari la chuma la 1/43, nalifungua skrubu za chini, naondoa rangi, napaka ya kwangu, naongeza turubai na mizigo. Jioni chache limekamilika na bado lina mkono wangu. Na lina uzito mkononi ambao plastiki haina.

Mizigo pia ni ufundi. Watu hushona magunia madogo kwa gunia halisi, lakini uzi wa katani ni mnene mno, gari linaonekana limebeba mazulia. Tumia bafta iliyochovywa kwenye chai ya rangi, jaza mchanga laini ili gunia lilale kwa uzito wake.

Lindi_Mjini

Naongezea kuhusu rangi, maana huku pwani ndiko kazi nzuri nyingi zinakoharibikia. Rangi ya kupuliza ya thina ukiitumia siku yenye unyevu inakauka na ukungu mweupe. Sababu ni kwamba thina ikiruka haraka inapoza uso wa gari, na maji ya hewani yanatua ndani ya rangi kabla haijakauka. Kwa hiyo masika yakipamba moto fanya kazi ya kukata na kuunganisha, kupuliza kuache hadi miezi ya kusi, na hata hapo usubiri jua lipande, si alfajiri. Kama huna subira, rangi ya akriliki ya maji kwa brashi, mikono miwili mitatu miepesi, haina tatizo hilo.

Na Mnewala, ukienda na njia ya mzee, shika makopo ya alumini kama alivyosema. Madebe ya mafuta ya kula ni bati la chuma, hewa ya chumvi italipata kwenye kila ukingo uliokatwa na kutu itaota chini ya rangi.

Dada_Mikindani

Mzee, shikamoo. Nakubali kuhusu ribiti, ila injini je? Mtu akifungua boneti ya gari la makopo anakuta kadibodi. Kwangu gari bila injini halijaisha.

MzeeWaTupa

Marahaba binti yangu. Injini inaundwa. Kipande cha mbao ndicho bloku, mrija wa peni ndio bomba la moshi, waya wa simu unakuwa nyaya za plagi. Lakini sikatai, seti inakupa injini sahihi zaidi kuliko yangu. Seti inakuletea vipimo alivyochukua mtu mwingine, hapo ndipo tunapotofautiana mimi na wewe. Mimi raha yangu kubwa ni kwenda na futi kamba kwa mwenye gari, nikaomba ruhusa, nikapima mlango, nikaandika kwenye daftari. Nikirudi nyumbani gari ninalolikunja nalijua.

Mchonga_Mkanaledi

Kwa walio na tabia ya kuchonga, kuna mchanganyiko: kiini cha mbao laini, juu unavika alumini. Vipande vya paini kwa seremala vinatosha kabisa. Mpingo msiuguse kwa kazi hii, ni mgumu, mzito hadi unazama majini, na unamaliza makali ya tupa. Ila usukani na kirungu cha gia vya mpingo, vikisuguliwa, vinapendeza mno.

Mnewala

Asanteni sana wote. Nimeamua: makopo, 1/10. Kuna jirani ana 109 iliyosimama uani, kesho naenda na futi kamba. Dada, seti ya Revell nitaitafuta baadaye kwa ajili ya injini kama ulivyosema, nijifunze mpangilio wake. Masasi, bafta na chai nimechukua.

Nimebaki na matairi. Mzee, unafanyaje?

MzeeWaTupa

Tairi lake lililozoeleka ni 7.50-16. Urefu wa kipenyo ni karibu sentimita 80, upana kama 19. Kwako ni milimita 80 kwa 19. Soli moja ya kandambili haifikii unene huo, bandika mbili, kata duara kubwa kidogo kuliko unavyohitaji, toboa katikati kabisa, pitisha skrubu ndefu na nati, ifunge kwenye drili na uizungushe taratibu juu ya msasa mpaka ifike 80. Kashata za tairi chora kwa wembe ikishakuwa duara kamili. Tengeneza tano, la akiba linakaa juu ya boneti.