Kadi 1,400 za mpira na Pokémon, Dar: zinapinda na kunata. Nianzie wapi?

bandari_saba

Wakuu, habari za jioni. Kadi ni 1,400 hivi: 900 za mpira (Match Attax na Adrenalyn XL, ligi ya Uingereza) na 500 za Pokémon, humo ndani 60 za foili (zile zenye tabaka la kung'aa usoni). Nyumba iko Dar, upande wa baharini, haina AC.

Za mpira zimefungwa rababendi mia mia kwenye boksi la viatu. Za Pokémon ziko kwenye faili la ringi la ofisini lenye nailoni za mifuko 9, kadi mbili kila mfuko, mgongo kwa mgongo. Nimetupia na vifuko viwili vya silika jeli vilivyotoka kwenye viatu.

Tangu mvua za masika zianze: (1) foili zimepinda kama kigae, uso ukiwa ndani, (2) kadi kama 20 zimenata kwenye nailoni, na nailoni inanuka, (3) kila bunda la mpira, kadi ya juu na ya chini zimekatwa pembeni na rababendi. Nianzie wapi? Na nikitaka kutundika 10 ukutani, nitumie fremu gani?

nusu_mili

Mkuu, usinunue kitu kwanza. (1) na (2) zina visababishi tofauti. Ukiharakisha utafungia maji ndani ya vifaa vya bei.

Tuanze na nailoni. Inayonuka kama kitambaa kipya cha meza cha plastiki ni PVC laini. PVC yenyewe ni ngumu. Kiwandani hulainishwa kwa mafuta maalumu, na mafuta hayo hutoka polepole, kwenye joto ndiyo zaidi. Ndiyo yanayonatisha wino. Kuhakikisha: kata kipande cha ukubwa wa ukucha, kizamishe kwenye glasi ya maji yenye tone la sabuni ya vyombo, kisugue kwa kidole viputo vya hewa vitoke, kisha kiachie. Polipropilini, ambayo ndiyo unayoitaka, hupanda juu. PVC huzama. PET (plastiki ya chupa za maji) nayo huzama na haina madhara kwa kadi, ila ni ngumu, inalia kama chupa ya maji ukiibonyeza, na hainuki.

Hizo 20 zilizonata usizivute. Kata mfuko pande tatu kwa mkasi, laza kadi mezani uso juu, kisha bandua nailoni ikijikunja kurudi nyuma, chini kabisa, karibu ilale juu ya kadi. Unabandua plastiki kutoka kwenye kadi. Kadi yenyewe isipinde hata kidogo. Ikigoma kona moja, hamia nyingine. Usipake spiriti wala usifute kwa kitambaa chenye maji, wino utaondoka.

Sasa kupinda. Foili ni tabaka lisilonywa maji lililogandishwa juu ya karatasi inayokunywa. Hewa ikijaa unyevu karatasi hutanuka, foili inabaki vilevile, kadi inajikunja kuelekea usoni, ndicho hicho kigae chako. Hewa ikikauka kupita kiasi hupinda upande wa pili. Unalotafuta ni unyevu wa asilimia 45 hadi 55 usioyumba.

Na hapa ndipo watu wengi hukosea hesabu. Hewa ya ndani ya kontena la lita 10 haina hata nusu gramu ya maji. Maji yamo ndani ya kadi zenyewe. Kadi moja ina uzito wa gramu 1.75 hivi, kwa hiyo 1,400 ni kama kilo mbili na nusu za karatasi. Kutoka unyevu wa asilimia 80 kushuka hadi 50, karatasi huachia takriban asilimia 4 ya uzito wake. Hiyo ni gramu 100 za maji, karibu nusu kikombe cha chai. Kifuko cha gramu 5 kikiwa kikavu kabisa hubeba kama gramu moja, na hivyo vya viatu vilishashiba kitambo.

Unachohitaji: silika jeli ya rangi ya chungwa, gramu 400 hivi (au gramu 200 uzikaushe mara mbili), kontena la plastiki lenye mpira kwenye kifuniko na klipu pande zote, na kipima unyevu kidogo cha kidijitali. Silika ya chungwa ikishiba hugeuka kijani. Irudishe kwenye oveni ya nyuzi 110 hadi 120 kwa saa mbili. Ya bluu iache, rangi yake ina kobalti, ambayo ni sumu.

Kipima unyevu usikiamini kikitoka dukani. Jaza kizibo cha chupa chumvi ya mezani, dondoshea maji mpaka iwe kama mchanga mbichi (isielee), funga pamoja na kipima kwenye mfuko wa zipu usioingiza hewa, acha saa 12. Kisome 75. Kikisoma 70, basi kila siku ongeza 5 kwenye unachokiona.

Kisha toa rababendi zote, simamisha kadi kwenye kontena bila kuzibana, mwaga silika kwenye vifuko vya kitambaa, funga. Angalia kila siku. Itachukua siku kadhaa hadi wiki mbili. Ikifika 50, toa silika yote ubakize gramu 50. Ukiiacha yote unyevu unaweza kuendelea kushuka na foili zikaanza kupinda kinyume.

Kadi zikishakauka ndipo uzivishe slivu (kifuko chembamba cha plastiki cha kadi moja). Ukizivisha siku ya mvua, slivu nzuri itayatunza hayo maji vizuri tu.

mwambao_001

Naunga mkono, ila kuhusu vifaa usivishe zote 1,400. Za mpira za kawaida zitatosha kusimama wima kwenye kontena kavu bila slivu. Kadi 100 tupu zinachukua sentimita 3 hivi, zikiwa na slivu nyepesi sentimita 4. Kwa hiyo 900 tupu ni safu ya sentimita 27, gawa safu mbili. Acha nafasi ya kupitisha kidole tu. Safu ikilegea kadi zinaegama na ndani ya miezi zinashika mpindo huohuo. Pengo lijaze kwa kipande cha sponji. Boksi la viatu litoe kabisa, linanyonya unyevu na mende wanapenda gundi yake. Naftalini usiweke, mvuke wake unalainisha baadhi ya plastiki.

Vipimo: kadi nyingi za aina hizi ni milimita 63 kwa 88. Slivu nyepesi ni kama 66 kwa 92. Kadi za mchezo wa Yu-Gi-Oh ni ndogo, 59 kwa 86, hizo zina slivu zake. Toploda (kasha gumu la plastiki la kadi moja, lililo wazi juu) huuzwa kwa pointi, na pointi moja ni elfu moja ya inchi: ya 35 ina nafasi ya milimita 0.9, inatosha kadi ya kawaida ikiwa na slivu. Kadi nene yenye kipande cha jezi ndani huhitaji 130 au zaidi, ipime. Kadi isiingie kwenye toploda bila slivu, kingo zake ngumu huchora uso. Mdomo uzibe kwa selotepu ya karatasi ya mafundi rangi, ncha moja ikunje iwe mkia wa kuvutia. Selotepu ya kawaida huacha gundi, na siku ya kutoa kadi gundi hiyo ndiyo itakayoikamata.

Albamu: chukua ya polipropilini yenye mifuko inayofunguka ubavuni kuelekea ndani, yenye kurasa zilizoshonwa. Faili la ringi za duara huzibonyeza kadi za safu ya karibu na uti, alama ya nusu mwezi haitoki tena. Ukilazimika kutumia ringi, iwe yenye umbo la D. Karatasi 20 za mifuko 9 ni kadi 180 kwa upande mmoja, 360 ukizipa mgongo. Mgongo kwa mgongo ni sawa kama kila moja ina slivu. Zikiwa tupu husuguana kila ukifungua. Foili weka moja moja.

Mpango wenyewe, usipange kwa timu. Match Attax na Adrenalyn tayari zina namba nyuma zinazofuata timu, kwa hiyo panga kwa msimu, halafu namba. Pokémon panga kwa seti na namba iliyoandikwa chini kabisa kwenye kadi. Namba ya kwanza ikizidi ya pili, mfano 199/165, hiyo ni ya siri; nafasi yake ni mwishoni mwa seti, usiitafutie mahali pengine. Alama iliyo karibu na namba huonyesha uadimu: duara ni ya kawaida, almasi inafuata, nyota ni adimu. Kwenye lahajedwali safu sita zinatosha: seti, namba, jina, lugha, hali, ilipo (kontena au ukurasa). Hiyo ya mwisho ndiyo watu huisahau.

sib_bahari

Salaam kutoka Muscat. Nyongeza kwa wenye AC, maana bandari_saba huenda akaweka siku moja. Kontena likikaa chumba cha nyuzi 20 ukalitoa sebuleni kwenye joto na kulifungua papo hapo, maji hutanda juu ya plastiki kama kwenye glasi ya juisi ya barafu. Liache limefungwa saa moja au mbili lipate joto la chumba. Vilevile kifurushi kilichotoka Ulaya wakati wa baridi. Na usiweke rafu ya kadi mbele ya mdomo wa AC: ikizimwa na kuwashwa unyevu unapanda na kushuka kila siku, na kuyumba huko kunapinda foili kuliko unyevu wa 60 uliotulia.

bandari_saba

Shukrani sana wakuu. Nimejaribu glasi ya maji, kipande kimezama kama jiwe. Oveni sina. Na foili zilizopinda, pasi ya moto mdogo na kitambaa juu haisaidii?

nusu_mili

Pasi hapana! Joto litatenganisha foili na karatasi, utaona viputo. Kwenye kontena kavu nyingi zitanyooka zenyewe. Zinazobaki zibane katikati ya karatasi mbili safi, juu weka kitabu kimoja cha kilo moja hivi, ndani ya kontena hilohilo, siku tatu hadi nne.

Silika: tumia sufuria ya zamani usiyopikia tena, moto mdogo kabisa, geuza mpaka rangi ya chungwa irudi. Ikianza kuwa kahawia umeiunguza, moto ulikuwa mkubwa.

Ukutani: chagua ukuta wa ndani. Ukuta wa nje wa tofali hutoa jasho wakati wa masika, na nyuma ya fremu ndipo ukungu huanzia. Kila kona ya nyuma bandika kipande cha mpira cha milimita 5 hewa ipite. Kadi isiguse kioo. Iwe ndani ya toploda au kasha la sumaku (kasha gumu la vipande viwili linalofungwa kwa sumaku), kisha fremu yenye kina. Kasha la sumaku la pointi 35 ni la kadi tupu. Ukitaka iwe na slivu, hakikisha kwanza kasha lina nafasi yake. Kadi ikicheza ndani ya kasha kubwa, kona ndizo zinazoumia.

Akriliki yenye kuzuia mionzi ya UV hupunguza tu kupauka, haikukingi na jua la dirishani. Nyekundu na njano hutangulia kufifia. Taa ya LED ni salama zaidi kuliko tyubu. Kadi 10 za kutundika zibadilishe kila baada ya miezi mitatu, na usitundike ile pekee usiyoweza kuipata tena. Piga picha yake kwa skana ya dpi 600, chapisha, tundika hiyo.

mwambao_001

Na fremu usiifunge usiku wa mvua, mkuu. Ifunge siku kavu, saa nane mchana, kadi zikitoka moja kwa moja kwenye kontena.