Naomba ushauri: ghorofa linajengwa ukingoni mwa mto, mtaro umezibwa

Wakubwa shikamooni, wengine habari zenu.

Nipo kwenye kamati ya wakazi ya mtaa wetu hapa Dar es Salaam. Jirani mpya amezungusha mabati ukingoni mwa mto, akamwaga kifusi hadi kwenye mtaro wa maji ya mvua, na sasa nondo za nguzo zimesimama hatua chache tu kutoka majini. Bango linaloonyesha kibali, mkandarasi na mhandisi halipo. Mvua ya juzi maji yalikosa njia, yakarudi kwa mama mmoja mjane, yakachanganyika na ya chooni. Magodoro yake bado yameanikwa ukutani, hayakauki. Mimi hilo linaniuma kuliko ghorofa lenyewe.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza ujenzi ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Mwenyekiti wa mtaa tumemwona, akatutuma kwa mtendaji wa kata. Huko tunaambiwa tusubiri, na zege linaendelea kumwagwa.

Wenye uzoefu, tuanzie wapi kwa maandishi: manispaa, NEMC (Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira) au Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu? Barua iende kwa jina la kamati ingawa hatujasajiliwa, au kila mkazi asaini na kuambatanisha picha? Na zuio la mahakama, kuna mtaa uliowahi kulipata kabla jengo halijaisha? Masika yanakaribia, tusaidieni.