Mjadala: Katuni ambayo wahusika wake hawakui, ni halali kuibadilishia wimbo?

Wakuu, naleta hoja mezani. Katuni ya televisheni ikishafikisha miaka ishirini au thelathini hewani, ubishi juu ya wimbo wake wa kufungulia haukosekani. Wapo wanaosema umechakaa, uwekwe mwingine. Wapo wanaosema anayeugusa ameiharibu katuni yenyewe. Na siku hizi kumezuka kundi la tatu linalotaka wimbo uondolewe kabisa, kwa kuwa watazamaji wanauruka.

Msimamo wangu ni huu: tazameni kwanza muda unakwendaje ndani ya hadithi. Kama wahusika hawakui, mahadhi ya wimbo yaachwe yalivyo. Kama hadithi inasonga mbele, wimbo ubadilike, tena inafaa kabisa.

Nianze na The Simpsons, katuni ya Kimarekani kuhusu familia moja. Danny Elfman alitunga wimbo wake mwaka 1989, na mfululizo ukaanza Desemba mwaka huohuo. Bart, mtoto wa kiume wa familia hiyo, alikuwa na miaka 10. Hadi leo ana miaka 10. Mahadhi nayo ni yaleyale. Ukiyasikiliza kwa utulivu utaona kwa nini hayachoshi. Yamejengwa juu ya skeli (ngazi ya noti) ambayo nyimbo za televisheni haziitumii sana: ni kama skeli ya kawaida ya meja, ila noti ya nne imepandishwa nusu toni na ya saba imeshushwa nusu toni. Hiyo ya nne ndiyo yenye utundu wote. Sikio linatarajia kutua, linasukumwa pembeni, na kabla halijazoea ala nyingine zimeshaingia. Mtunzi angechagua skeli ya kawaida, nadhani tungekuwa tumeuchoka wimbo huu tangu miaka ya tisini.

Ila kuyaacha mahadhi yalivyo hakumaanishi kuyagandisha, na hapa ndipo wengi wanapochanganya mambo. Alf Clausen, aliyeandika muziki wa vipindi vya The Simpsons kuanzia 1990 hadi alipoondolewa 2017, aliupanga upya wimbo wa Elfman mwanzoni mwa miaka ya 1990. Ndani ya utangulizi wenyewe kuna nafasi ya saksafoni ya Lisa, dada yake Bart, na anachopiga hubadilikabadilika. Kundi la muziki la Sonic Youth lilipewa wimbo huo mwaka 1996, Yo La Tengo 1998, Green Day wakaupiga kwenye filamu ya 2007, Sigur Rós 2013. Kila kundi lilikuja na sauti yake na likaondoka limeacha mahadhi mahali pake. Kwa hiyo hoja kwamba wimbo wa zamani unawanyima nafasi wanamuziki wa sasa siikubali hata kidogo. Nafasi ipo, tena ngumu zaidi: kusema jambo lako kwa kutumia noti ambazo kila mtu anazijua.

Sazae-san ya Japani ni ushahidi mwingine. Imekuwa hewani Fuji Television tangu Oktoba 1969, na mwaka 2013 Guinness waliitambua kuwa mfululizo wa katuni uliodumu kuliko yote kwenye televisheni. Wimbo wa kufungulia uliotungwa na Kyohei Tsutsumi na kuimbwa na Yuko Uno bado ndio unaoufungua. Katsuo, mdogo wake Sazae, bado ni mwanafunzi wa shule ya msingi. Mtoto aliyeutazama mwanzoni sasa ni mzee wa zaidi ya miaka sitini, na akikaa na mjukuu wake Jumapili jioni wote wawili wanaweza kuimba kitu kimoja. Kampuni gani itaweza kununua hilo ikishalipoteza?

Sasa upande wa pili, maana sisemi wimbo usiguswe popote. One Piece, katuni nyingine ya Japani, ilianza 1999 na "We Are!", wimbo wa Kohei Tanaka ulioimbwa na Hiroshi Kitadani, na tangu hapo imepitia nyimbo za kufungulia zaidi ya ishirini. Sina kinyongo nalo. Hadithi yake ni safari. Watu wanaondoka mahali na hawarudi walivyokuwa. Hadithi iliporuka miaka miwili mbele, mwaka 2011, Kitadani yuleyule alirudi na "We Go!". Shabiki akisikia wimbo fulani anajua walikuwa sehemu gani ya safari. Najua kampuni za muziki hutumia nafasi hiyo kuwatangaza wasanii wao, na zipo nyimbo zilizowekwa kwa biashara tu, lakini mpangilio wenyewe unaendana na hadithi.

Hao wanaotaka wimbo uondolewe kabisa nitawajibu kwa kifupi. Netflix walileta kitufe cha "ruka utangulizi" 2017, na mwaka 2022 walisema kinabonyezwa mara milioni 136 kwa siku. Ni idadi kubwa. Lakini mtu anayetazama vipindi vitano mfululizo usiku mmoja anaruka kwa sababu ameusikia wimbo muda si mrefu. Wimbo ulitungwa kwa ajili ya mtu anayekutana na kipindi mara moja kwa wiki. Dawa yake ni toleo fupi, na The Simpsons wana matoleo mafupi ya utangulizi tangu zamani, kabla hata ya kitufe hicho.

Inabaki Doraemon, katuni ya Japani pia, na hapa najua nitapingwa. Mfululizo wake wa kituo cha TV Asahi ulianza 1979 na wimbo wa Shunsuke Kikuchi, ulioimbwa kwanza na Kumiko Osugi, na mahadhi hayo yakaendelea kutumika waimbaji wakibadilika. Mwaka 2005 waigizaji wa sauti walibadilishwa wote. Kufikia 2007 kulikuwa na wimbo mpya wa mwimbaji anayeitwa mao, na mwaka 2019 ukaja wa Gen Hoshino. Watoto waliokua na wimbo wa mao wanaupenda kwa dhati, na hiyo ndiyo hoja nzito kuliko zote dhidi yangu. Sauti za waigizaji zilikuwa lazima zipate warithi, kwa kuwa binadamu huzeeka. Wimbo hauzeeki. Nobita, mvulana wa hadithi hiyo, ni yuleyule, darasa lilelile, halafu kizazi kimoja kinaimba hiki na kingine kinaimba kile.

Anayetetea mabadiliko hayo anijibu: mahadhi ya Kikuchi yangeachwa, yakapewa ala na mwimbaji wa 2007, mtoto wa 2007 angepungukiwa na nini?