Shabaha: mchana safi, usiku napotea

Wakuu, ni askari wanyamapori mgeni huku Iringa, upande wa Ruaha. Mchana risasi zangu zinakaa pamoja. Giza likiingia, hata ncha ya bunduki siioni. Nifanyeje?

— Zima simu kwanza, mdogo wangu! Macho huchukua kama dakika 30 kuzoea giza. Ukiwasha tochi nyeupe, unaanza upya. Halafu usiikodolee shabaha, tazama pembeni yake kidogo. Katikati ya jicho gizani hapaoni kitu.

— Darubini ya usiku nayo inaonyesha umbo, umbali inakudanganya. Hujajua ni mtu au nyati? Kidole nje ya triga.

— Mazoezi bila risasi, mkufunzi akiwepo. Mafinga mwezi wa saba, baridi kali, vidole vina ganzi, ndipo nilijua kuvuta triga polepole.