Raba za milango ya hardtop: orijino, kopi, za mita au mtumba?

Vumbi la Kalya (Kigoma)
Wakuu, salaam kutoka Mwanga. Nina Land Cruiser hardtop HZJ75 ya 1994, injini 1HZ. Chini ya boneti sina malalamiko. Tatizo ni milango. Nikitoka hapa mpaka Kalya nafika nimekuwa rangi moja na barabara. Juzi nilimpakia mama mmoja anakwenda harusini, kavaa gauni jeupe. Aliposhuka alijitazama, akanitazama mimi, akaondoka bila neno. Bora angenitukana.

Raba za milango miwili ya mbele zimekakamaa, kwenye pembe za juu zimepasuka kabisa. Ile ya nyuma imebaki nusu, nusu nyingine aliyenitangulia kabandika sifongo la godoro. Nimeulizia Dar nikaambiwa njia nne: orijino (ya kuagiza), kopi (yenye umbo lilelile), ya kukatiwa kwa mita (yenye bati ndani), au mtumba (ya kuchomoa kwenye gari lililokufa). Orijino ya mlango mmoja ni bei inayokufanya uulize mara ya pili kama umesikia vizuri. Aliyefunga yoyote kati ya hizo atuambie imekaaje.

Mgebuka (Ujiji)
Usiwape watu hela zako. Paka mawese kidogo kila Jumapili, raba inalainika yenyewe. Babu alifanya hivyo kwenye pikapu yake.

Fundi Bodi (Tabora mjini)
Mgebuka, mawese peleka jikoni. Mafuta yananasa vumbi, vumbi linageuka msasa, unasaga raba na rangi ya gari kwa mpigo mmoja. Na wapo wanaopaka oili chafu au grisi, hao ndio wabaya zaidi. Raba nyingi za milango ni EPDM, aina ya raba ya kutengenezwa kiwandani. Hiyo inavumilia jua na mvua miaka mingi, lakini ikikutana na oili ya injini au dizeli inavimba na kulegea. Ukitaka kulainisha, tumia silikoni, na ni tone tu kwenye kitambaa.

Sasa wewe wa Kalya. Usinunue chochote kwanza. Fungua mlango wa dereva, ushike kwa chini upande wa kitasa, unyanyue. Ukicheza juu na chini, pini za bawaba zimelika na mlango umening'inia. Hapo hata raba ya dhahabu haikusaidii. Baada ya hapo chukua noti ya elfu, ifungie mlangoni, ivute. Ikikaza, sawa. Ikiteleza yenyewe, hapo hapabanwi, weka alama ya chaki. Zunguka mlango mzima hivyo, shubiri kwa shubiri. Usiku acha tochi inawaka ndani, wewe simama nje uone mwanga unapotokea.

Halafu kuna jambo linalowaponza wengi. Hardtop yako ina raba mbili kila mlango wa mbele, siyo moja. Kuna iliyoshikwa na mlango wenyewe, na kuna inayobana ukingo wa bati la bodi. Zile za mita zenye bati ndani ni za kubana ukingo. Mlangoni hakuna ukingo wa kubana, kwa hiyo ukiilazimisha kwa gundi itakaa mpaka jua la kwanza la Septemba.

Mia na Kumi (Urambo)
Naunga mkono, ila za mita msizidharau. Mimi nina Land Rover 110, kwangu raba ya mlango inabana ukingo wa bodi, kwa hiyo za mita ziliingia bila gundi. Kosa lilikuwa langu. Nilianzia juu, nikawa naivuta ili inyooke vizuri. Ilipendeza siku hiyo. Mwezi haukuisha, raba ikajirudi na kuacha pengo la kidole palepale juu ya kichwa changu, na mvua ya kwanza ya Novemba ikapitia hapo ikaingia shingoni.

Nimerudia. Maungio yanakaa chini katikati. Huivuti, unaisukuma kwa kiganja, na kwenye pembe unaisogeza kidogo kwa ndani isije ikajikunja. Mwisho unaacha sentimita moja ya ziada, unaikandamiza ncha kwa ncha. Imeingia msimu wa pili sasa, na barabara za mashamba ya tumbaku mnazijua.

Asali Mbichi (Sikonge)
Mtumba nimeshajaribu. Umbo lilikuwa lenyewe kabisa, nikajiona mjanja. Kumbe raba inakariri mlango iliotoka. Ilikuwa imeshalala upande mmoja kwa miaka, ina mfereji katikati, na mfereji huo haukukutana na bati langu hata mahali pamoja. Nilichofaidi ni zile klipu za plastiki tu.

Vumbi la Kalya
Fundi, nimenyanyua mlango wa dereva kama ulivyosema. Unacheza. Wa abiria umetulia. Sasa nikishanyoosha bawaba, nitajuaje unene wa raba ya kununua? Na kopi hujasema.

Fundi Bodi
Kanda unga wa ngano uwe mgumu kuliko wa chapati. Funga vidonge kwenye nailoni, bandika sehemu tano au sita palipokaa raba ya zamani, funga mlango mpaka kitasa kilie, fungua, pima kila kidonge kwa rula. Pakiwa na milimita 10, raba yenye unene wa 14 au 15 itabonyea karibu theluthi, hapo ndipo panapotakiwa. Ukitamani ya 20 ili "izibe vizuri zaidi", mlango utaufunga kwa teke na kitasa ndicho kitakachokufa. Kama vidonge vinatofautiana sana kati ya juu na chini, bado mlango haujakaa, rudi kwenye bawaba.

Kopi zinatofautiana, ziangalie kwa macho. Tazama pembe. Ya orijino pembe imefinyangwa kiwandani, haina mshono. Kopi mbovu ni kipande kilichonyooka kimekatwa na kugundishwa pembeni, na panapopasuka kwanza ni hapohapo. Bonyeza kwa kidole gumba kisha achia. Ikibaki na alama, mrudishie mwenyewe. Kopi nzuri zipo, nimefunga kadhaa.

Mlango wa nyuma ningekushauri orijino bila kujadili. Gari likitembea, hewa ya nyuma yake inakuwa na shinikizo dogo, vumbi linazunguka na kunyonywa ndani kupitia tundu lolote. Na si vumbi tu, ni moshi wa dizeli pia. Abiria wa nyuma wakianza kusinzia na kuumwa kichwa, usidhani ni uchovu wa safari. Mpaka utakapoziba, funga vioo vyote, vuta hewa ya nje na uwashe feni ya ndani, ili hewa isukume kutoka ndani kwenda nje. Ukifungua kioo kimoja cha mbele ili upate upepo, ndiyo unazidi kuvuta vumbi kwa nyuma.

Mgebuka (Ujiji)
Babu alikuwa anafungua vioo vyote. Nimeelewa kwa nini alikuwa anakohoa.

Vumbi la Kalya
Mrejesho, wakuu. Bawaba za dereva zimebadilishwa pini na bushi, na hiyo peke yake ilifunga nusu ya alama zangu za chaki. Nyuma nimeweka orijino, imekuja na basi ikiwa imeviringishwa kwenye boksi, nikaianika siku nzima ijinyooshe. Mbele, za mlangoni ni kopi zenye pembe za kufinyangwa, za kwenye bodi ni za mita. Kazi ngumu haikuwa kufunga, ilikuwa kubandua gundi ya yule bwana wa sifongo: mafuta ya taa, kisu cha plastiki, kisha sabuni na spiriti. Chini yake kulikuwa na kutu, nikasugua na kupaka rangi kwanza. Mlango wa dereva ulikuwa mgumu kufunga kama siku kumi hivi, sasa umelainika. Noti inakaza pande zote.

Nimekwenda Kalya na kurudi. Yule mama nilimpakia tena, safari hii kavaa kitenge cha kahawia, bado hajaniamini. Viti vya nyuma ni safi. Ila kuna vumbi jembamba linapanda katikati, miguuni kwangu, na nimeshaona linapotokea: raba ya kufunika gia imechanika chini ya zulia. Nani anayo, au hiyo nayo ina orijino na kopi?